Siti ya Nyuma

Kijiweni, Barabara ya Ishirini, niliaga: siku tatu.
Wakauliza, msiba? Hapana. Harusi? Hapana.
Mbaruku akacheka, "Basi unamkimbia mwenye pikipiki."
Mwenye pikipiki ni mimi, tangu Jumanne.
Hesabu ya mwisho nimelipa, kadi nimeishika,
na kwa miaka mitatu ya mkataba sijawahi kwenda mahali
ambapo mtu mwingine hakupataja kwanza.

Nyuma nimefunga hema.
Fundi Singano kalishona kwa turubai la lori la mahindi,
bado linanuka pumba.
Sufuria moja, unga, dagaa wa kukaanga,
kiberiti ndani ya soksi.

Pongwe, mkono wa kwanza unanyooka: "Boda! Muheza shilingi ngapi?"
Mguu ukakanyaga breki wenyewe,
kama punda ajuaye mlango wa mashine ya kusaga.
"Sibebi leo."
"Kwani umebeba nini?"
Nikakosa la kusema, nikatia gia.

Mkonge kushoto, mkonge kulia,
mistari kama daftari la mtoto anayemwogopa mwalimu,
kisha Muheza, machungwa mafungu ya matanomatano,
kisha lami ikakatika
kama maneno ya mtu aliyekumbuka deni.

Hapo ndipo nilipoisikia pikipiki.
Siku zote nilikuwa nasikia abiria:
kesi ya shamba, mume, mtoto aliyefeli,
punguza mwendo kijana, ongeza mwendo kijana.
Kumbe ina kikohozi kidogo kwenye gia ya tatu.
Kumbe kwenye kona inalala kabla sijaiambia,
nyepesi, kama shingo iliyotua ndoo.

Kisiwani, mvua. Si ya kunyesha, ya kuning'inia.
Udongo mwekundu ukashika gurudumu la mbele
nikaanguka, polepole, kwa heshima,
na hakuna aliyedai arudishiwe nauli.
Nilikaa palepale topeni nikicheka
hadi kima mitini wakanyamaza wanisikilize.

Simu, kabla mtandao haujakata:
Bi Mwanamkuu wa Mikanjuni. "Uko wapi? Nina kliniki saa nne."
"Niko mbali, mama."
"Mbali wapi?"
Nikatazama. Ukungu, mikaratusi, maji yanayosema bila kuonekana.
"Sijui panaitwaje."
Kimya. Kisha: "Haya. Ukipajua, uniambie."

Usiku, kando ya shamba la chai, perere akalia juu ya mti,
bawaba isiyotiwa mafuta tangu enzi za Mjerumani.
Kurunzi ikaja nyuma yake. Mbelwa, mlinzi.
"Umepotea?"
"Hapana."
"Imeharibika?"
"Hapana."
"Sasa unafanya nini?"
"Natembea."
Akaimulika pikipiki. Akanimulika miguu.
"Unatembea," akarudia, kama anayeonja chumvi.
Akakaa. Tukala dagaa. Hakuuliza tena.

Alipoondoka, baridi ya Amani haikuanzia miguuni.
Ilianzia mgongoni, pale wanaposhikilia watu.
Miaka mitatu mgongo huu ni ukuta wa wengine,
wameuegemea, wameupigia chafya, mmoja aliulilia
kutoka Bombo hospitali hadi Kange, bila neno,
na sikumtoza.
Nililala chali ili ardhi inishikilie.

Asubuhi Mbelwa yuko mlangoni mwa hema na fenesi.
"Dada yangu, Nakiete. Muheza, nyuma ya soko."
Nikaanza, "Mimi sibebi..."
Tukalitazama fenesi, sote wawili.

Nikalifunga kwa mpira mahali pa mtu.
Zito, lina vipele, harufu yake imo ndani ya helmeti.
Kwenye kona pikipiki hailali tena yenyewe,
lazima niibembeleze.
Mtoto mmoja akakimbia kando: "Mama! Kapakia fenesi!"

Kwenye njia panda, kushoto ni Muheza, nilikopanda jana.
Kulia kuna majani katikati ya njia
na alama ya tairi moja, ya zamani.
Nikasubiri kidogo, kwa mazoea.
Abiria wangu hakusema kitu.
Nikakata kulia.